SOMO LA HESABU: Pembe zisizojulikana za maumbo yaliyo ndani ya duara



Katika toleo hili tunashughulikia swali ambalo wengi huliruka wanapolikuta kwenye karatasi. Umepewa duara. Ndani yake kuna umbo lenye pande nne, tano au sita, na kila kona ya umbo inagusa ukingo wa duara. Pembe mbili au tatu zimeandikwa, unaambiwa utafute zilizobaki. Ukilitazama kwa haraka unaona kama mtungaji amekunyima habari. Kumbe duara lenyewe ndiyo habari. Anayejua duara linasema nini humaliza swali hilo kwa mistari minne au mitano.

Tunajua hali yetu. Wengine waliacha shule njiani miaka miwili au zaidi, wengine walianza masomo kwa Kifaransa wakaendelea kwa Kiingereza, na kila lugha ina majina yake kwa vitu vilevile. Lakini mtihani wa mwisho hauulizi kama mtahiniwa alisomea darasani au chini ya turubai. Karatasi ni ileile. Kwa hiyo hapa tutatumia majina ya Kiswahili, na palipo na jina gumu tutaeleza. Ukielewa umbo, jina lake kwa lugha ya mtihani utalijifunza kwa siku moja.

Ukurasa huu hauna nafasi ya michoro. Usisome hivihivi kama unavyosoma tangazo la mgao. Chukua karatasi, uchore kila kitu kinachotajwa, ndipo usonge mbele.

Vifaa

Huna mkebe wa hesabu? Mfuniko wa sufuria au kopo la mafuta linatosha kuchorea duara: uweke juu ya karatasi, uzungushe penseli pembeni yake. Rula ni karatasi nyingine iliyokunjwa, kwa kuwa mkunjo ni mstari ulionyooka. Kona ya karatasi ya daftari ni nyuzi 90 kamili. Ikunje kona hiyo katikati upate nyuzi 45. Kwa kuhakikisha majibu yako hivyo vinatosha.

Sasa kata duara ulilochora. Likunje mpaka ukingo ukutane na ukingo, ulifungue, kisha ulikunje tena kwa upande mwingine. Mahali mikunjo miwili inapokatana ni kitovu. Tutakiita O. Mkunjo mzima kutoka ukingo hadi ukingo ukipita O ni kipenyo. Kutoka O hadi ukingoni ni nusu kipenyo. Kumbuka jambo hili moja kuliko yote, maana somo zima linasimama juu yake: nusu vipenyo vyote vya duara moja vina urefu sawa.

Mambo mawili ya zamani

La kwanza, pembe tatu za ndani za pembetatu yoyote zina jumla ya nyuzi 180. Usiyeamini, kata pembetatu ya karatasi, rarua kona zake tatu, uzipange zigusane ncha kwa ncha: zitakaa kwenye mstari ulionyooka. La pili, pembetatu yenye pande mbili zilizo sawa ina pembe mbili zilizo sawa, zile zilizo chini ya pande hizo.

Kutokana na la kwanza tunapata jumla ya pembe za umbo lolote. Simama kwenye kona moja ya umbo, uchore mistari kwenda kwenye kona nyingine zote. Pembenne inagawanyika pembetatu 2, pembetano 3, pembesita 4. Daima pembetatu ni pungufu ya pande kwa mbili. Kwa hiyo pembenne ina jumla ya nyuzi 360, pembetano 540, pembesita 720. Hizi zishike kichwani.

Nusu duara

Chora duara lenye kitovu O na kipenyo AB. Weka nukta C popote kwenye ukingo, isipokuwa juu ya A au B. Unganisha AC na BC. Pembe iliyoko C ni nyuzi ngapi? Ipime kwa kona ya daftari. Sogeza C, pima tena. Kila mara ni 90.

Kupima siyo kuthibitisha, na mtihani unataka sababu. Chora OC. Sasa una pembetatu mbili, OAC na OBC. Katika ya kwanza OA ni sawa na OC kwa sababu zote ni nusu vipenyo, kwa hiyo pembe ya A ni sawa na kipande cha pembe C kilicho upande huo. Ziite a. Katika ya pili, kwa sababu hiyohiyo, pembe ya B ni sawa na kipande cha pili cha C. Ziite b. Pembetatu kubwa ABC ina basi a, b, na a + b. Jumla: 2a + 2b = 180. Kwa hiyo a + b = 90, na hiyo ndiyo pembe C.

Ukiona kipenyo ndani ya mchoro wowote, kabla ya kufanya lolote andika 90 kwenye kona inayokitazama. Nusu ya maswali ya mtihani huwa yamefunguka hapo.

Pembenne ndani ya duara

Hapa ndipo kiini cha somo. Chora duara, weka nukta nne A, B, C, D kwenye ukingo kwa kufuatana, uziunganishe upate pembenne. Kwa sasa hakikisha O imo ndani ya pembenne hiyo. Chora OA, OB, OC na OD.

Pembenne imegawanyika pembetatu nne, na kila moja ina pande mbili zilizo nusu kipenyo. Basi kila moja ina pembe mbili sawa ukingoni. Kwenye pembetatu ya upande AB ziite a, ya upande BC ziite b, ya CD ziite c, ya DA ziite d. Sasa soma pembe za umbo lako kona kwa kona:

A = d + a
B = a + b
C = b + c
D = c + d

Jumlisha A na C: unapata a + b + c + d. Jumlisha B na D: unapata a + b + c + d vilevile. Jumla zote mbili ni sawa, na zote pamoja ni 360. Kwa hiyo kila moja ni 180.

Kanuni basi: katika pembenne iliyo ndani ya duara, pembe zinazokabiliana zina jumla ya nyuzi 180.

Na kama O imebaki nje ya pembenne? Chora uone: pembetatu moja, tuseme ile ya upande DA, inakuwa nje ya umbo, na d inatolewa badala ya kuongezwa. A inakuwa a – d, na D inakuwa c – d. Jumlisha tena kwa jozi, utaona jozi zote mbili ni a + b + c – d. Kanuni haibadiliki.

Jambo hili ni la kale sana. Euklide alilieleza katika kitabu cha tatu cha vile vitabu 13 vinavyoitwa Elementi, mnamo mwaka 300 hivi kabla ya Kristo, akiwa Aleksandria huko Misri. Aliandika kwa Kigiriki, lakini mji ni wa Afrika. Pembenne ndani ya duara ni pendekezo la 22 la kitabu hicho, na pembe ya nusu duara ni la 31.

Mfano wa 1. Pembenne ABCD imo ndani ya duara. A = 72, B = 95. Tafuta C na D. C inakabiliana na A: 180 – 72 = 108. D inakabiliana na B: 180 – 95 = 85. Hakikisha: 72 + 95 + 108 + 85 = 360. Andika na sababu, «pembe zinazokabiliana za pembenne iliyo ndani ya duara». Jibu tupu bila sababu hupoteza alama bure.

Mfano wa 2. A = 2x + 10 na C = 3x + 20. Wengi huandika 2x + 10 = 3x + 20, kwa kuwa neno «zinazokabiliana» linawakumbusha msambamba, ambao pembe zake zinazokabiliana ni sawa. Hapa si sawa, zinakamilishana. Kwa hiyo 5x + 30 = 180, x = 30, A = 70 na C = 110.

Mfano wa 3. AC ni kipenyo. Pembe BAC = 35, pembe CAD = 20. Tafuta pembe zote za ABCD. Kwanza weka 90 kwenye B na kwenye D, maana zote zinakitazama kipenyo. Pembe nzima ya A ni 35 + 20 = 55. C ni 180 – 55 = 125. Umemaliza.

Kuna swali jingine linalopendwa na watungaji. Upande AB unarefushwa kupita B hadi E, unapewa pembe ya nje CBE = 83, unaulizwa D. Pembe ya ndani ya B ni 180 – 83 = 97, na D ni 180 – 97 = 83. Umerudi kwenye namba ileile. Siyo bahati: pembe ya nje ni sawa na pembe ya ndani inayokabiliana na kona hiyo.

Mtego wa kitovu

Hapa simama kidogo. Chora duara lenye kitovu O, na nukta A, B, C zikifuatana kwenye ukingo. Unganisha O na A, A na B, B na C, C na O. Una pembenne OABC. Umeambiwa pembe AOC ya ndani ya umbo hilo ni 100. Tafuta pembe B.

Mwanafunzi mwenye haraka anaandika 180 – 100 = 80. Amekosa. Kona tatu zinagusa ukingo, lakini O haigusi, iko katikati. Kanuni inataka kona zote nne ziwe ukingoni. Rudi kwenye nusu vipenyo: chora OB. Katika pembetatu OAB, pembe ya A ni sawa na kipande cha B kilicho upande wake. Katika OBC, pembe ya C ni sawa na kipande kingine cha B. Kwa hiyo A + C = B. Jumla ya pembenne ni 360: 100 + B + B = 360, na B = 130.

Angalia tena namba hizo. Upande wa pili wa kitovu, yaani nje ya pembenne, kuna nyuzi 260, na 130 ni nusu yake. Ndiyo kanuni nyingine mtakayokutana nayo: pembe ya kitovuni ni mara mbili ya pembe ya ukingoni, zote zikitazama tao lilelile.

Pembesita na pembetano

Ile hesabu ya herufi a, b, c, d haikuwa na haja ya kukomea kwenye nne. Chora pembesita ABCDEF ndani ya duara, gawanya kwa nusu vipenyo sita, zipe herufi a hadi f. Kila herufi inaonekana mara mbili, mara moja kwenye kona fulani na mara moja kwenye kona ya jirani. Ukichukua kona kwa kuruka moja, A na C na E, umeokota kila herufi mara moja. B na D na F vilevile. Jumla ya pembesita ni 720, kwa hiyo A + C + E = 360, na B + D + F = 360. Vitabu vingi vya shule havilitaji hili, lakini sasa unajua linakotoka na unaweza kulithibitisha mwenyewe.

Mfano wa 4. A = 110, B = 100, C = 130, D = 140. E = 360 – 110 – 130 = 120. F = 360 – 100 – 140 = 120.

Pembetano haina ujanja huo. Kona ni tano, ukiruka moja moja unarudi ulikopita bila kupata makundi mawili. Hapa lazima upewe habari zaidi, mara nyingi pembe za kitovuni. Tuseme ABCDE imo ndani ya duara, na pembe za kitovuni zinazotazama pande AB, BC, CD, DE, EA ni 60, 80, 70, 50, 100. Jumla yake ni 360 kama inavyopasa kuuzunguka kitovu. Kwa kila pembetatu toa pembe hiyo kwenye 180, ugawe kwa mbili: unapata 60, 50, 55, 65, 40. Sasa jumlisha majirani. A iko kati ya EA na AB: 40 + 60 = 100. B: 60 + 50 = 110. C: 50 + 55 = 105. D: 55 + 65 = 120. E: 65 + 40 = 105. Jumla 540. Sawasawa.

Umbo likiwa na pande zote sawa kazi ni nyepesi, gawanya tu jumla kwa idadi ya kona: pembetano 108, pembesita 120.

«Zitamlisha nani?»

Mzazi mmoja aliniuliza hivyo, akitaka binti yake aache masomo ya jioni ili awahi foleni ya maji. Nilimwonyesha mambo mawili, na ninayaandika hapa kwa ajili ya mafundi na wazazi wengine.

Fundi ana ubao wa mviringo, au mfuniko wa zege wa shimo la choo, anataka katikati yake. Kuukunja haiwezekani. Aweke kona ya skwea, au kona ya karatasi ngumu, iguse ukingo. Pande mbili za kona zitaukata ukingo mahali pawili. Atie alama, aunganishe kwa mstari: huo ni kipenyo, kwa sababu kona ya nyuzi 90 ukingoni hukitazama kipenyo. Arudie kuanzia sehemu nyingine ya ukingo. Mistari miwili inapokatana ndipo katikati. Kona ya karatasi iwe kubwa ya kutosha pande zake zifike ukingoni, basi.

La pili ni kona ya nyumba pasipo skwea. Umenyoosha kamba ya ukuta wa mbele, na kigingi C ndipo kona inapotakiwa. Simika kigingi O mahali popote ndani ya kiwanja, mbali kidogo na kamba ya ukuta lakini si sambamba kabisa na C, yaani kikae upande ule ukuta unakoelekea. Funga kamba kwenye O yenye urefu wa kufika C. Izungushe bila kuilegeza mpaka iguse kamba ya ukuta mahali pengine. Hapo weka kigingi A. Kutoka A nyoosha kupita O, uendelee ng'ambo kwa urefu uleule, weka kigingi B. AB ni kipenyo, C iko ukingoni. Mstari kutoka C hadi B ndio ukuta wako wa ubavu, nao unakaa nyuzi 90 juu ya ule wa mbele.

Waashi wengi hupima mishazari miwili ya msingi kwa kamba. Pande zinazokabiliana zikiwa sawa na mishazari ikiwa sawa, msingi umekaa mraba. Sababu ni hiihii: kona zote nne ziko kwenye duara moja ambalo halikuchorwa, na kila mshazari ni kipenyo chake. Pande zikiwa sawa lakini mishazari ikapishana, msingi umelala kama msambamba, na mabati yatawasumbua baadaye.

Binti yule bado anakuja jioni. Maji huchotwa asubuhi na kaka yake.

Zoezi

1. ABCD imo ndani ya duara. A = 64, B = 101. Tafuta C na D.

2. PQRS imo ndani ya duara. P = 4x, R = 5x, Q = 3x + 10. Tafuta pembe zote nne.

3. Pembesita ABCDEF imo ndani ya duara. A = 125, B = 115, C = 105, D = 130. Tafuta E na F.

4. O ni kitovu; A, B, C ziko ukingoni kwa kufuatana. Katika pembenne OABC, B = 118. Tafuta pembe AOC ya ndani ya umbo.

5. Seremala anataka kukata msambamba wenye kona ya nyuzi 80 kutoka kwenye ubao wa mviringo, kona zote nne ziguse ukingo. Je, itawezekana? Toa sababu.

Fanya kwanza, ndipo utazame chini. Anayekwama alete daftari kwenye masomo ya jioni, na aje na mchoro wake, hata kama ameufuta mara tatu.

Majibu

1. C = 116, D = 79.

2. 9x = 180, x = 20. P = 80, R = 100, Q = 70, S = 110.

3. E = 130, F = 115.

4. Pembe A na C pamoja ni 118, kwa hiyo AOC = 360 – 118 – 118 = 124. Aliyeandika 62 arudi kwenye mtego wa kitovu.

5. Haiwezekani. Kona inayokabiliana na ile ya 80 nayo ni 80 kwa kuwa ni msambamba, jumla 160, na duara linadai 180. Msambamba pekee unaokaa hivyo ndani ya duara ni ule wenye kona zote nyuzi 90.